Kwa wanaoanza kuongoza mijadala ya Biblia: kila swali na ushahidi wake

Ukikabidhiwa kikundi cha vijana Nairobi, kiwe cha kanisa la mtaani Umoja au cha wanafunzi wa chuo kikuu, maswali yatafika kabla hujazoea kiti. Wengi wameshasikia, pale bustani ya Jeevanjee au kwenye mihadhara ya barabarani, kwamba Konstantino, kaisari wa Roma, ndiye aliyeitunga Biblia, kwamba imejaa migongano, kwamba imehalalisha utumwa. Usiyaweke yote kapu moja. Kuna maswali ya maandishi, ya historia na ya maadili, na kosa linalowaangusha wengi ni kujibu la aina moja kwa ushahidi wa aina nyingine.

Mfano unaosikika sana: "Kuna nakala zaidi ya 5,000 za Agano Jipya kwa Kigiriki, kwa hiyo Yesu alifufuka." Wingi wa nakala unatusaidia kujua kilichoandikwa. Kama tukio lilitokea, hilo linatafutwa kwingine. Tena nyingi kati ya hizo ni za karne ya 9 na kuendelea. Zile za mwanzoni ni vipande. P52, kipande cha papirasi kilichohifadhiwa Manchester, kinatosha kwenye kiganja na kina maneno machache ya Yohana 18. Anayepinga naye hukosea kinyume chake, akidhani kosa la mnakili limefuta tukio zima.

Kwa maandishi, chukua Biblia mbili, Union na Habari Njema, na ukikuta mabano au maelezo chini ya ukurasa usiyaruke. Anza na Marko 16. Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, nakala za Biblia za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, zote za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kwa hofu. Kisa cha mwanamke mzinifu, Yohana 7:53 hadi 8:11, nacho hakimo humo. Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni katika 1 Yohana 5, Erasmus, mwanazuoni aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, aliyaacha katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522. Sinaiticus inasomeka bure kwenye intaneti, kwa hiyo mwenye bando atajionea mwenyewe. Wasikie haya kwako kabla hawajayakuta TikTok, la sivyo watauliza kwa nini uliwaficha.

Kuhusu Konstantino: Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, mkutano wa maaskofu alioitisha yeye, ulishughulikia mafundisho ya Ario, kasisi aliyesema Mwana aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Kanuni zake 20 hazina orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tunavyovijua, inaonekana katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Usidhani hapo umemaliza, maana Mkatoliki aliye kikundini ana vitabu 73 na jirani yake ana 66, nao watataka kujua nani aliyepanga.

Migongano inahitaji daftari. Piga mistari upate safu nne, Mathayo hadi Yohana, kisha jaza asubuhi ya ufufuo: nani alikwenda kaburini, walimwona nani, walisema nini baadaye. Marko ana wanawake watatu na kijana mmoja, nao hawamwambii mtu. Luka ana wanaume wawili, na wanawake wanakwenda kuwaambia wale kumi na mmoja. Yohana anaanza na Mariamu Magdalene. Acha kikundi kijaze chenyewe, bila kuharakisha upatanisho.

Halafu pima uzito wa kila mgongano. Ahazia alitawala akiwa na miaka 22 katika 2 Wafalme 8:26, lakini 2 Mambo ya Nyakati 22:2 inasema 42, ilhali baba yake alikufa akiwa na 40. Mtoto hawezi kumzidi baba umri. Hilo ni kosa la kunakili na halistahili jioni nzima. Sensa ya Kirenio, liwali wa Siria, ndiyo nzito: Luka anaihusisha na kuzaliwa kwa Yesu, na Mathayo anasema Yesu alizaliwa siku za Herode. Ile inayojulikana ni ya mwaka 6 BK, na Herode kwa kawaida huhesabiwa kuwa alikufa mwaka 4 KK. Luka 2:2 ndiyo ya kutengewa jioni nzima.

Kwenye maadili ndiko viongozi wapya hukimbilia majibu mepesi. "Ulikuwa utumwa wa madeni tu" ni jibu linalosimama kwa Mambo ya Walawi 25:39-43. Mistari ya 44 hadi 46 inaruhusu kununua wageni na kuwarithisha watoto kama mali. Soma yote, pamoja na Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inayokataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka.

Vita vya Kanaani navyo vina mtego. Yoshua 10:40 inasema hakubaki mtu, Waamuzi 1 inataja waliobaki. Wengine hujibu kwamba hayo ni majigambo ya vita, na wana hoja: jiwe la Farao Merneptah, la karibu 1208 KK, linajigamba kwamba uzao wa Israeli umekwisha, na Israeli ikaendelea kuwapo. Lakini hilo linajibu kama yalitokea. Amri ya kuua hata wanyonyao wa Waamaleki katika 1 Samweli 15:3 bado imeandikwa, na Sauli analaumiwa kwa kutoitimiza kikamilifu. Mtu akiiuliza, soma sura hiyo mbele yao hadi mstari wa 33 kabla hujafungua mdomo kuitetea.