Maswali ya wasomaji: Kupiga kafi Zambezi, na hao viboko je?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na mke wangu tunaishi Mbeya, tumeshaenda Mikumi na Serengeti ila kila mara ni gari, vumbi, na magari kibao yamemzunguka simba mmoja. Safari hii tunataka hifadhi tulivu iliyo kando ya mto, tupige kafi wenyewe taratibu tuwaone wanyama tukiwa majini. Rafiki yangu anasema twende Lower Zambezi, Zambia. Hatuna uzoefu wowote, mke wangu hajui kuogelea na anaogopa viboko kweli kweli. Tutaweza? Na twende mwezi gani?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu yangu wa Mbeya, rafiki yako kakushauri vizuri sana, na mnaweza. Lower Zambezi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ina kama kilomita za mraba 4,092, na ng'ambo ya mto upande wa Zimbabwe iko Mana Pools, kwa hiyo kulia hifadhi kushoto hifadhi na katikati mnateleza na mtumbwi. Hakuna injini, unasikia furukombe akilia, unasikia tembo anavunja matawi kabla hujamwona. Twiga hamtamkuta pale, nawaambia mapema msije mkamtafuta, ila tembo, nyati, kuro, mamba na ndege mtashiba.

Nguvu za mikono zisikutishe maana mnashuka na mkondo, mto ndio unaofanya kazi kubwa, nyie mnanyoosha tu mtumbwi. Kazi kweli ni viboko na hapo shemeji ana haki kabisa ya kuogopa, tena ningeshangaa asingeogopa. Mchana kiboko anakaa maji ya kina na akishtuka anakimbilia huko huko kwenye kina, ndiyo maana mwongozaji mzuri anawapitisha kwenye maji mafupi karibu na ukingo, na mara kwa mara anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili walio chini ya maji wajue mnakuja waibuke muwaone wako wapi. Akisema simameni mnasimama, akisema geukeni mnageuka, hakuna kubishana wala kusogea kidogo ili picha itoke vizuri. Tembo wakivuka kwenda kisiwani mnasubiri wamalize hata kama ni nusu saa. Na mikono isiingie majini, mamba wapo wengi, hata kunawa tu msijaribu.

Kwa hiyo kabla hamjauliza habari za vitanda na chakula cha kambi, ulizeni kwanza mwongozaji: ana leseni ya mtumbwi, kaufanya mto huu muda gani, anabeba jaketi okozi za kuwatosha wote? Kambi ikijibu kwa kuzungukazunguka tafuteni nyingine. Shemeji kutojua kuogelea si kizuizi ila jaketi asilivue kabisa, na akifika akaona moyo unakataa, kambi nyingi zina boti za injini pia, apande hiyo bila aibu yoyote.

Mwezi: kati ya Juni na Septemba. Asubuhi za Juni na Julai mtoni kuna baridi, bebeni sweta. Septemba joto linapanda ila ndio kuna wale ndege wekundu wala nyuki wanaochimba viota kwenye kingo za mto, ukingo mzima unakuwa mwekundu, mimi ningechagua hapo. Oktoba ni jua kali mno, na mvua zikianza kambi nyingi zinafungwa. Dawa za malaria muulizeni daktari kabla, na msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo.

Kufika: Mtanzania haombi viza Zambia. Pandeni basi kupitia Tunduma, au, kama inabeba abiria wakati huo, treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi halafu basi mpaka Lusaka, kisha barabara ya Chirundu. Kambi za ndani ya hifadhi ni ghali kweli, bajeti ikibana tafuteni za eneo la Chiawa, kabla ya mto Chongwe ambao ndio mpaka wa hifadhi, huko kuna hadi sehemu za kupiga hema lako.

SWALI: Kwani hapa kwetu Tanzania hakuna safari za majini kama hizo?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Zipo dada yangu. Mto Wami pale Saadani na Rufiji ndani ya Hifadhi ya Nyerere kuna safari za boti, ila ni za injini. Ukitaka kupiga kafi mwenyewe nenda Hifadhi ya Arusha, Ziwa Momella Dogo, ni ziwa si mto, lakini viboko wapo, ndege wapo, mlima Meru unauona, na kutoka Arusha mjini unaenda na kurudi siku hiyo hiyo.