Jina lako liko wapi kwenye makala? Maswali ya watafiti vijana

Barua za mwezi huu zimefurika. Nimechagua 8 ninazoweza kujibu bila kutukana. Wale mlioandika "Mwalimu naomba namba nikupigie" bila kusema mnasoma nini wala mnataka nini, gari limeondoka, mmebaki kituoni.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza bayoteknolojia kwa GPA ya 3.6. Naomba konekisheni ya ufadhili wa masomo nje, nchi yoyote. (Mhitimu, Morogoro)

Marahaba. Hiyo "nchi yoyote" ndiyo inayokuangusha kabla hujaanza. Profesa wa Basel au Uppsala akiisoma atajua umetuma barua hiyohiyo kwa watu mia. Yeye ana mradi, anatafuta mtu mwenye swali. Soma makala zake mbili za karibuni, mwandikie mistari kumi: maabara umefanya nini kwa mkono wako mwenyewe, makala yake imeacha wazi jambo gani, na wewe ungelifuataje. Ambatisha CV ya kurasa mbili. Picha ya pasipoti na "kwa unyenyekevu mkubwa" viache nyumbani. Nimeandika haya mara ngapi? Konekisheni ni mtu aliyewahi kukuona ukifanya kazi, basi.

Sasa lisilokupendeza. Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma yanadai 3.8 ya shahada ya kwanza kwa Mkufunzi Msaidizi, na uzamili wa 4.0 kwa Mhadhiri Msaidizi. Hata ukirudi na masta ya Ulaya, ile 3.6 itakuwa inakusubiri getini. Mimi naiona ni kanuni ya kivivu, inampima mtu wa miaka 40 kwa mitihani aliyoifanya akiwa na 22, lakini kanuni ni kanuni. Kwenye miradi ya utafiti huwa wanauliza kwanza unaweza kufanya nini. Anzia huko. Tu Youyou, aliyetupa artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto unayomeza ukishikwa na malaria, alipata Nobel mwaka 2015 bila kuwa na PhD. Sisemi uache shule. Nasema futa machozi.

Je, kwa digrii ya bayoteknolojia naweza kuajiriwa maabara ya hospitali? (Mzazi, Dar es Salaam)

Waulize Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, kwa maandishi, kabla hujalipa ada: digrii hii, ya chuo hiki, mnaisajili? Usimuulize afisa udahili, kazi yake ni kujaza viti.

Nimefanya mradi wa malaria miaka 4. Nimechukua damu vijijini, nimefanya PCR (kipimo cha vinasaba), nimejaza takwimu. Makala imetoka kwenye jarida kubwa, mimi nimewekwa kwenye shukrani pamoja na dereva. Nina haki gani? (Mwenye uchungu, Kanda ya Ziwa)

Pole, mdogo wangu. Shukrani ya punda ni mateke. Ya mradi ni mstari mmoja wa herufi ndogo chini ya makala. Na dereva usimdharau, bila yeye vijiji vile usingevifikia.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia Vancouver mwaka 1978, inataka masharti manne na yote yatimie: uwe umechangia kwa uzito kubuni kazi, au kukusanya, kuchambua au kufasiri takwimu; uwe umeandika makala au kuihakiki kwa kina; uwe umeidhinisha toleo la mwisho; na uwe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Miaka 4 ya damu na PCR ina uzito wa kutosha kwa sharti la kwanza. Mtego uko kwenye la pili. Rasimu hukutumiwa, kwa hiyo hukuihakiki. Hukuihakiki, kwa hiyo wewe si mwandishi. Wamefunga mlango, kisha wanakuuliza mbona hukuwa ndani. Kamati yenyewe ililiona hilo, ikaandika wazi kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Huo ndio mstari wa kumwonyesha bosi wako, kwa adabu, na nakala ubaki nayo.

Kwa makala iliyokwisha kutoka, mwandikie mwandishi mkuu, orodhesha ulichofanya na tarehe zake ukirejea daftari lako la maabara. Unalo? Maana nawajua: matokeo mnayaandika nyuma ya boksi la glavu, boksi likitupwa mnakuja kudai historia. Jarida huweza kurekebisha orodha ya majina, ila hutaka waandishi wote wakubali, na hapo usijipe matumaini makubwa.

Kwa makala zijazo, majina yajadiliwe kabla ya tone la kwanza la damu. Nani wa kwanza, nani wa mwisho (hizo ndizo nafasi za heshima), kwa sababu gani, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Chukua makala za utafiti uliofanyika kwetu, usome majina. Mara nyingi mno utakuta wa kwanza anatoka mbali, wa mwisho anatoka mbali, na sisi tumebanwa katikati kama nyama ya sambusa, tena ndio tunaoipa ladha. Hatuonewi na wageni peke yao. Nimekaa kwenye vikao ambamo mkubwa wa idara, aliyekuwa hajui hata kijiji kiko wilaya gani, aliongezwa jina "kwa heshima", na kijana aliyelala kwenye zahanati wiki sita akatolewa ili orodha isiwe ndefu.

Na hili hukuuliza: sampuli ziko wapi? Sampuli za binadamu hazitoki Tanzania bila kibali na mkataba wa kuzihamisha, na mkataba huo unasema zitatumika kwa kazi gani, na zikibaki zitafanywaje. Umewahi kuusoma? Wengi waliofunga yale masanduku hawajawahi. Usome, ujue kama miaka kumi ijayo kuna mtu atachukua PhD kwa damu uliyoichukua wewe Jumapili mvua ikinyesha.

Jarida limeniita "Mheshimiwa Profesa" wakati mimi ni mwanafunzi wa masta. Wanachapisha ndani ya siku 5 kwa dola 150. Nilipe? (Eldoret)

Usilipe. Aliyekupandisha cheo kabla ya chuo chako ana shida na pesa zako.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona. Akaweka jina la mtafiti asiyekuwepo, wa taasisi isiyokuwepo mjini Asmara, akatuma matoleo yake kwa majarida 304. Majarida 157 yakaikubali. Lakini hasira zangu ziko kwenye kamati zetu za kupandisha vyeo, zinazohesabu machapisho kama magunia ya mahindi bila kufungua hata moja kuona kama lina fukusi. Hizo ndizo zinazowalisha hao matapeli.

Upande wa pili usitishwe na bei. Nature, jarida maarufu la sayansi, lilipoanza kuchapisha makala za wazi (zinazosomwa bure) mwaka 2021 liliweka ada ya euro 9,500, mshahara wa mtu huo, na wa miezi mingi. Majarida mengi ya heshima yana msamaha kwa nchi zetu, wa ada yote au nusu. Omba siku unayowasilisha. Ukingoja ankara ifike, umechelewa.

PhD nifanye nje au nyumbani? (Afisa maabara, Dodoma)

Swali lako linaishi wapi? Kama ni mbu wa bonde la Kilombero, sioni kwa nini uende kuwatazama kwenye baridi wakiwa wamekufa ndani ya kichupa.

Ila anayekwambia nyumbani na nje ni sawa hajawahi kusubiri kimeng'enya. Mwaka mmoja tuliagiza Ulaya vimeng'enya vya kugeuza RNA kuwa DNA, kwa ajili ya mwanafunzi wangu wa masta. Sanduku lilikaa uwanja wa ndege siku 17 likingoja karatasi moja. Tulipolifungua, mifuko ya barafu ilikuwa imegeuka maji, tena ya uvuguvugu, na kibandiko bado kinasema nyuzi 20 chini ya sifuri. Vichupa vyenyewe havizidi ukucha wa kidole gumba. Binti yule hakulia. Alivihesabu, 12, akavipanga kwenye friza kana kwamba friza inafufua. Tukajaribu. Kwenye jeli, ambapo DNA huonekana kama mistari inayong'aa, ngazi ya vipimo iliwaka peke yake upande wa kushoto. Njia zake 15 za sampuli zote giza. Alimaliza mwaka mzima nyuma ya wenzake, na cheti hakielezi kwa nini.

Kwa hiyo mimi napendelea njia ya kati. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ina mpango wake tangu 1983: chuo unachosajiliwa ni cha Afrika, utafiti unaufanya kwao. Kuna Chuo Kikuu cha Afrika Nzima pale chuo cha JKUAT, Juja, Kenya, chenye ufadhili na kozi ya biolojia ya molekuli. Na kuna PhD ya nusu huku nusu kule: fildi kwetu, mashine kwao. Hiyo ya mwisho angalia usigeuzwe mchukuzi wa mizigo. Ukikuta ratiba yako yote ya kule ni "kupeleka sampuli", rudi ukasome jibu la yule wa Kanda ya Ziwa.

Nina miaka 38 na watoto wawili. Nimechelewa PhD? (Mama Abdul, Tanga)

Hujachelewa, dada. Katalin Karikó alishushwa cheo na chuo kikuu cha Pennsylvania mwaka 1995, akiwa na miaka 40, kwa sababu ruzuku za utafiti wake wa mRNA (ujumbe wa vinasaba unaoiambia seli itengeneze protini gani) hazikupatikana. Mwaka 2023 akapewa Nobel kwa kazi hiyohiyo, pamoja na Drew Weissman.

Kisa hicho kila mtu ananitajia, na kila anayekitaja anakitaja kwa sababu ya mwisho wake. Mimi huwatajia Douglas Prasher. Ndiye aliyeitoa jeni ya ile protini ya yavuyavu inayong'aa kijani, akachapisha mwaka 1992. Pesa zikakatika, jeni akawagawia wenzake, akaacha utafiti huo. Mwaka 2008 Nobel ya kemia ilipotolewa kwa protini hiyo, wawili kati ya washindi watatu walikuwa hao aliowagawia. Yeye wakati huo alikuwa dereva wa gari la wateja kwa muuza magari huko Huntsville, Alabama. Hao wawili walimlipia nauli kwenda Stockholm kwenye sherehe ya tuzo, walau hilo.

Umri, kwa hiyo, ni swali jepesi. Gumu ni nani atakulipa miaka minne, na je, mwajiri amekupa ruhusa kwa maandishi au kwa mdomo? Ukiwa na majibu hayo, anza. Watoto watakuja mahafali wakiwa na akili ya kupiga makofi.

Nataka kubobea kwenye uhandisi jeni wa mahindi. Kuna kazi Tanzania? (Mbeya)

Kwa zao lile peke yake, usiitegemee. Mwaka 2016 mahindi ya majaribio yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 wizara ikaamuru majaribio yasimame, Januari 2021 waziri akayafuta. Jirani zetu Kenya walizuia vyakula vya namna hiyo mwaka 2012, wakaruhusu Oktoba 2022, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha tena. PhD ni miaka minne. Amri ya wizara ni ukurasa mmoja.

Bobea kwenye ufundi, zao litafuata. Anayejua kutambua virusi vya batobato na michirizi kahawia kwenye muhogo kwa vinasaba ana kazi serikali ikisema ndiyo au hapana. Bayoinfomatiki, uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta, nayo haipiti forodha.

Mradi wetu unaisha Juni. Bosi anasema tuvute subira, ruzuku inakuja. (Mtafiti mwenye mkopo benki)

"Inakuja" si tarehe. Muulize andiko limepelekwa kwa nani, lini, na majibu yanatoka lini. Akianza kukuhutubia kuhusu uzalendo, tafuta kazi leo hii. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, watu wa miradi waliozoea mkataba kujirudia walijikuta nje bila hata barua mkononi. Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum, mwaka 2006, kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Hapo nanyamaza, nina shinikizo la damu.

Barua ya uthibitisho wa kazi omba Aprili. Msimamizi akishapanda ndege atakujibu kwa kidole gumba cha WhatsApp. Kisha fungua ile friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, chukua kalamu isiyofutika, andika orodha ya sampuli: rafu, sanduku, kijiji, tarehe. Ibandike mlangoni, isibaki kwenye kompyuta yako. Hakuna atakayekulipa kwa hilo. Ila umeme ukikatika Agosti na jenereta haina dizeli, mlinzi atakayepigiwa simu usiku anatakiwa ajue sanduku gani linahamishwa kwanza.