Kabla ya kusaini na mshirika wa nje: kwa watafiti wa kilimo wanaoanza kazi

Kupata aina mpya ya muhogo, tangu maua yachavushwe hadi mkulima apokee pingili, huchukua miaka minane hadi kumi. Mradi wa kimataifa huishi mitatu, ukibahatika mitano. Nimefanya kazi ya kuratibu ushirikiano katika utafiti wa umma hapa Uganda, nikizunguka kati ya ofisi na vituo vya utafiti vya Entebbe, Kawanda na Namulonge, na shida nyingi nilizokutana nazo zilitokana na tofauti hiyo ya miaka. Ndiyo maana wadogo zangu wanaoingia kazini wakiniuliza waanzie wapi kutafuta washirika, huwaambia waanze na kazi ambayo wangeifanya hata kama hakuna mgeni atakayebisha hodi.

Iandikeni kazi hiyo kwenye ukurasa mmoja. Simaanishi ule mpango mkakati mnene unaozinduliwa kwa hotuba na kuwekwa kabatini. Andikeni zao gani, ugonjwa gani, na mnataka mkulima awe na nini mkononi baada ya miaka kumi. Kila tangazo la fedha likitoka, lipimeni kwa ukurasa huo. Niliona timu moja iliyokuwa na kazi nzuri ya maharage ikiingia mradi wa zao jingine kwa sababu fedha zilikuwepo. Ripoti ziliandikwa vizuri na mfadhili aliridhika. Mradi ulipoisha, hakuna mkulima wa eneo lile aliyekuwa ameliomba zao lile, na mbegu za maharage walizozichagua kwa miaka zilikuwa zimekaa ghalani bila kupandwa, nyingine hazikuota tena. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye hesabu za mwaka.

Kinyume chake ni matooke. Migomba yetu ya ndizi za kupika ni migumu mno kuizalisha kwa kuchavusha, maana mbegu hupatikana kwa shida. NARO, shirika letu la taifa la utafiti wa kilimo, na IITA, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, walianza kazi hiyo hapa nchini katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2010 ikatolewa chotara ya kwanza, Kiwangaazi, inayostahimili ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi. Baadaye zikaja chotara nyingine zilizoitwa NARITA, zikajaribiwa kwetu na Tanzania. Wafadhili walikuja na kuondoka katika muda huo. Kazi iliendelea kwa sababu kila upande uliihesabu kuwa kazi yake, si shughuli ya mradi fulani.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni jirani. Tukisikia ushirikiano wa kimataifa tunawaza Ulaya, Marekani au China, hali mtu wa kwanza wa kuzungumza naye yuko Kenya, Tanzania, Rwanda au Kongo. Ugonjwa wa batobato kali wa muhogo uliposhika kasi kaskazini mwa Luweero mwishoni mwa miaka ya 1980, haukuishia Uganda. Ulisambaa hadi kwa majirani, ukibebwa na nzi weupe na pingili ambazo watu hugawiana na jamaa zao ng'ambo ya mpaka. Pale Busia shamba la mama mmoja linaweza kuwa Uganda na la dada yake likawa Kenya, na mbegu wanapeana. Utafiti unaoishia mpakani hauwafai wote wawili.

Mfano wa eneo letu ninaoupenda zaidi ni ule mradi wa tija ya kilimo wa Afrika Mashariki uliogharimiwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Nchi nne ziligawana kazi: Ethiopia ikabeba ngano, Kenya maziwa, Tanzania mpunga, na Uganda muhogo. Kila mmoja alikuwa na jambo la kufundisha na jambo la kujifunza. Vivyo hivyo katika vita dhidi ya michirizi kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo: Kenya, Malawi, Msumbiji, Tanzania na Uganda zilitoa aina zao bora za muhogo, zikasafishwa virusi maabara, kisha zikajaribiwa kwa wenzao. Mtafiti wa Namulonge akaweza kuona aina ya Msumbiji ikikua kwenye udongo wake. Hilo nchi moja isingeliweza peke yake, hata ikiwa na fedha nyingi.

Mkikaa mezani na taasisi kubwa, msijione waombaji. Mwaka 1998 mtafiti wetu William Wagoire aliona ugonjwa wa kutu ya shina kwenye ngano iliyokuwa haipaswi kuugua, katika kituo cha Kalengyere, kusini magharibi mwa nchi. Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini, zikachunguzwa, na aina ile ya kutu ikapewa jina la Ug99. Uganda hailimi ngano nyingi, lakini jicho moja makini kwenye kituo kidogo cha milimani liliamsha wazalishaji wa ngano duniani kote, na Njoro nchini Kenya pakawa mahali pa kupima ngano za mataifa mengi. Shamba linaloangaliwa kila wiki na mtu anayejua anachokitazama ni mtaji. Maabara ya ng'ambo hailipati kwa kununua mashine.

Sasa mkataba, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa maana ndipo wengi huumia. Msisafirishe hata punje kabla ya karatasi kukamilika. Uganda ina kanuni za mwaka 2005 kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa yake, na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia linahusika na vibali. Pia tumo katika Mkataba wa Kimataifa wa rasilimali za mimea ya chakula na katika Itifaki ya Nagoya, inayohusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki. Muhogo, ndizi, maharage, mtama na viazi vitamu vimo kwenye orodha ya huo mkataba wa kwanza, kwa hiyo kuna makubaliano ya kawaida yaliyokwisha kuandikwa. Karanga, soya na kahawa hazimo. Mtafiti wa kituo cha Serere anayetaka kutuma karanga nje hawezi kunakili karatasi ya mwenzake wa maharage. Inabidi masharti yajadiliwe upya.

Baada ya mbegu, ulizeni kuhusu takwimu. Nakala kamili itakaa wapi mradi ukifungwa? Nimewahi kumwona mtafiti akiomba ruhusa kwa barua pepe asome vipimo vilivyokusanywa na wasaidizi wake mwenyewe, jua likiwachoma. Liandikeni jambo hilo mapema, pamoja na majina ya waandishi wa makala za kisayansi, na mwanafunzi gani wa Uganda atasoma shahada kupitia kazi ile. Kwa upande wa mashine, ulizeni ni nani atanunua vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, mwaka wa nne na fundi atatoka wapi. Mshirika mwema hakasiriki kuulizwa hayo. Anayekasirika amewapa jibu.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona wazi kazi zipi zilikuwa zimening'inia kwenye uzi mmoja. Kuna kazi ambazo hazifai kutegemea mfuko wa mtu mwingine: mashamba ya mbegu mama, benki ya mbegu pale Entebbe, na ufuatiliaji wa magonjwa mapya. Hizo ni za bajeti ya serikali. Viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kufikisha asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na bado hatujafika. Kila ninapopata nafasi mbele ya wabunge nalisema hilo bila kupunguza, na nawaomba nanyi mlisemee.

Miradi mingine yote, mshirika awe nani, dai fungu la mwaka wa mwisho liwe la kuzalisha mbegu na si la warsha ya kufunga. Kwa viazi lishe, kwa mfano, maana yake ni kulipia maji ya kutunza mashina ya mbegu wakati wa kiangazi, ili mvua ikianza wanawake wa Soroti au Kamuli wapate marando ya kupanda wiki hiyohiyo. Bei yake ni ndogo kuliko ukumbi wa hoteli, na ni rahisi kuiingiza kwenye bajeti kabla ya saini kuliko baada yake.