Uzi wa rangi nyingi? Vuta kwanza ndio ulipe

Swali lenu la wiki hii linasema: ukisimama mbele ya rafu ya nyuzi za rangi mchanganyiko, unachaguaje, na unazifanyia kazi gani? Mimi nafuma kofia za watoto, sweta na vitambaa vya makochi hapa Busia upande wa Uganda, kwa sindano mbili na kwa krosheti, na jibu langu la haraka ni kwamba usiangalie bonge, vuta uzi. Bonge ni mdanganyifu jamani. Limeviringishwa ili rangi zote zikutane mbele ya macho yako kwa pamoja, nyekundu imekaa na manjano, bluu inachungulia pembeni, unapenda, unalipa, unafika nyumbani unafuma halafu kifua cha sweta kinatoka na mabaka kama ukuta ulionyeshewa na mvua.

Kwa hiyo nikishuka Kampala nikaingia maduka ya Kiyembe kutafuta nyuzi naomba kuvuta uzi kidogo nje ya bonge, nauweka kwenye mkono wangu, natazama rangi moja inakaa urefu gani kabla haijabadilika, halafu naendelea mpaka ile rangi ya kwanza irudi. Wenye duka hawapendi. Mmoja aliniuliza, "Nnyabo (yaani mama), unanunua ama unapima kamba ya mbuzi?" Nikamwambia ssebo, yaani bwana, ukiniacha nipime nachukua ya sweta nzima, ukinikataza sichukui hata bonge moja. Akaniletea kiti.

Sababu ya kupima ni hii. Mstari mmoja wa kufuma kwa sindano mbili unakula uzi kama mara 3 ya upana wake, si hesabu ya benki lakini inatosha. Kofia yenye mzunguko wa sentimita 50 basi raundi moja inakula kama mita 1.5. Sasa kama rangi za uzi wako nazo zinajirudia kila mita 1.5, nyekundu itaangukia juu ya nyekundu raundi baada ya raundi, kijani juu ya kijani, na hapo ndio mabaka yanazaliwa, uzi hauna kosa lolote ni hesabu tu imekutana vibaya. Ukiona yameanza, ongeza au punguza vitanzi viwili vitatu, ama badilisha namba ya sindano, ama fuma na mabonge mawili kwa zamu, mistari miwili kutoka hili miwili kutoka lile. Kuna wafumaji wanayatafuta hayo mabaka makusudi, wanahesabu vitanzi mpaka rangi zinapangana kimshazari zikakatana kama almasi, maridadi sana kusema kweli, lakini ukikaza mkono siku moja ukalegeza siku nyingine mchoro unahama, na mimi nina wateja wanangoja.

Uzi ambao rangi zinabadilika upesi, kila sentimita chache, mimi naupeleka kwenye vitu vidogo, kofia, soksi za mtoto, vile vimraba vya krosheti vya kuunganisha blanketi. Ule wa rangi ndefu, wa mita nyingi kabla haujageuka, unajichorea mistari wenyewe bila wewe kukata uzi na kufunga mafundo, na kampuni ya Noro ya Japani imejulikana duniani kwa nyuzi za namna hiyo, rangi inaingia kwenye nyingine polepole. Huo ni wa shali na skafu. Ukiufumia sweta lakini angalia: kifua ni kipana mikono ni myembamba, rangi ile ile kifuani itatoa mstari mwembamba na kwenye mkono itatoa mnene, na shali ya pembe tatu ukianzia kwenye ncha mistari itaanza minene halafu inaenda ikipungua kadiri shali inavyopanuka. Wengine wanaona ni uzuri. Mimi kwa shali naona ni uzuri, kwa sweta ya shule ya mtoto wa mtu hapana.

Halafu kuhusu mshono, yaani namna unavyofuma vitanzi, uzi unaopiga kelele unataka mshono mnyamavu. Mtu ananunua uzi wa rangi nane halafu anaufumia misuko na maua ya matundu, mwisho misuko haionekani na rangi hazionekani, kazi ya mwezi imepotea machoni. Mshono wa kawaida tu unatosha. Kwa krosheti napenda ule wa kitanzi kifupi kimoja, mnyororo mmoja, ruka kitanzi, kisha mstari unaofuata unaingia pale kwenye mnyororo, unazikatakata rangi vizuri. Na pindo weka uzi wa rangi moja uliotoka ndani ya mchanganyiko wenyewe, ila usichague ile iliyojaa kuliko zote, chagua ile inayoonekana kidogo kidogo. Kama una wasiwasi zipige picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, nyuzi zikionekana kijivu kile kile basi pindo lako litamezwa.

Sufu ama akriliki? Huku kwetu joto halitaki mchezo kwa hiyo nyingi ninayofuma ni akriliki na pamba, sufu yenyewe naiweka kwa wateja wa Kabale ambako asubuhi mtu anatoka amejifunika mpaka masikio. Lebo isikuzuge, omba kipande ukichome: sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu ya kusagika, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ndiyo maana vishikio vya kutolea sufuria kwenye sigiri msifume kwa akriliki tafadhali, hata kama rangi zimependeza namna gani.

Sufu nzuri ya bei nafuu mimi naipata soko la Owino Kampala kwenye mivumba, yaani mitumba, sweta za zamani nazifumua. Geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni, kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa cherehani ya overloki iache, utapata vipande vipande tu, kama kingo zimefumwa nzima mpaka mwisho bila kukatwa chukua. Uzi ukishafumuliwa unajikunja kunja, uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu kadhaa, uoshe kwa maji ya vuguvugu, uutundike na kitu kizito kidogo chini mpaka ukauke. Maji moto na kusuguasugua hapana, sufu inajishika inakuwa blanketi la paka.

Nyekundu na bluu iliyoiva zikikaa jirani na nyeupe zijaribu kwanza. Lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, kikitoka na doa ujue uzi unachuja. Watu watakwambia siki, siki na joto inaweza kusaidia kwa sufu kwa sababu rangi zake nyingi ni za asidi, kwa akriliki na pamba ni kumwaga siki ya kachumbari bure.

Na mabonge nunua yote siku moja, yenye namba moja ya loti kwenye lebo, maana loti nyingine hata kama jina la rangi ni lile lile pipa la rangi lilikuwa lingine. Mkono wa pili wa sweta uanzie kwenye rangi ile ile ulipoanzia wa kwanza, viringua bonge mpaka uifikie, la sivyo mikono itaonekana ya watoto wawili tofauti. Isipokuwa mteja mwenyewe anataka hivyo, nina mama mmoja wa Malaba kila mkono anataka na rangi zake, na analipa kabla sijaanza.