Homa ya Jumatatu katika ateliye: kabla ya kulipa tena dawa ya malaria

Mama mmoja mwenye ateliye ya milango na madirisha ya chuma kule Kampemba, hapa Lubumbashi, ameniandikia. Ana mafundi tisa. Kila mwezi anailipa dispansere pesa nyingi za malaria, na bado mafundi wale wale wanarudi kuugua, hasa mwanzo wa wiki. Anauliza kama abadilishe dispansere, au awape mafundi maziwa kila siku kama jirani yake anavyofanya. Mwishoni, kwa mstari mmoja tu, anamtaja sentineli wake, yaani mlinzi wa usiku, anayeamka na kichwa kinachouma wakati wa baridi.

Jambo Mama, na asante kwa kuandika. Dispansere iache kwanza. Tafuta kujua siku moja kabla ya homa fundi alikuwa anachomelea nini.

Mabomba ya maji, mabati na fito nyingi za milango hupakwa zinki kiwandani ili zisishike kutu. Ndicho chuma tunachokiita galivanize. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, lakini chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,500. Maana yake, kabla mshono haujashika, zinki imekwisha kugeuka moshi. Mtaujua: ni mweupe, mzito, na ukipoa unaacha nyuzinyuzi nyeupe kama pamba pembeni mwa kazi. Fundi anayeuvuta mchana hasikii kitu, anamaliza kazi na kurudi nyumbani. Baada ya saa 4 hadi 10 kupita ndipo koo linakauka, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, kiu inamshika, kisha baridi ya kutetemeka, homa, misuli kuuma na jasho usiku kucha. Nani Lubumbashi ataona hali hiyo asiseme malaria?

Sasa angalia mtego ulipo. Homa hii ya moshi kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya siku 1 au 2. Fundi anameza dawa ya malaria usiku, kesho yake anapata nafuu, na dawa inasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya. Wiki inayofuata anarudia yale yale. Mwanzo wa wiki nao una sababu yake: mwili unaovuta moshi huo siku kadhaa mfululizo unauzoea kidogo, lakini mapumziko ya Jumamosi na Jumapili yanauondolea mazoea hayo, kwa hiyo moshi wa Jumatatu unampiga mtu kwa nguvu zote. Madaktari wa kazini katika nchi nyingi wanaijua homa hii kwa jina hilo hilo la Jumatatu.

Lakini naomba hapa nisieleweke vibaya. Malaria ipo, na wakati wa mvua ipo kwa wingi. Kila homa ipimwe siku hiyo hiyo kwa kipimo cha haraka cha tone la damu, hata kama fundi amechomelea galivanize wiki nzima. Kipimo kikionyesha malaria, atibiwe malaria. Kikionyesha hakuna, na jana yake alikuwa kwenye moshi mweupe, hapo una jibu lako. Mgonjwa aende dispansere na karatasi ndogo iliyoandikwa: alichomelea chuma gani, kwa muda gani, ndani au nje. Bila karatasi hiyo muuguzi hana namna ya kukisia. Na kama kifua kinabana, pumzi inakatika au kikohozi kinazidi siku ya pili, apelekwe hospitali bila kusubiri. Kuna madini mengine, kadimiamu kwa mfano, inayopakwa kwenye baadhi ya buloni (boliti) na kuchanganywa katika baadhi ya vijiti vya kuunganishia vyenye madini ya fedha. Moshi wake unaanza na dalili zile zile, kisha unajaza mapafu maji na kuua.

Kuhusu maziwa, ambayo wengi wanadhani yanaondoa moshi mwilini: yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Hakuna mahali vinapokutana. Kama chakula, maziwa ni mazuri, na fundi mwenye njaa atayashukuru. Kinachoniuma ni kuona patroni anatoa kikopo cha maziwa asubuhi halafu anafunga mlango wa ateliye na kuwaacha watu ndani ya moshi, moyo wake umetulia.

Kazi halisi ni hii. Zinki iondolewe kwanza mahali pa kuchomelea, sentimita 5 kila upande wa mshono, uso wa juu na wa chini. Iondolewe kwa mashine ya diski, nje, fundi akiwa amevaa kashene (kifuniko cha pua na mdomo) ya maana. Isichomwe kwa moto, maana huko ndiko kutengeneza moshi ule ule kwa makusudi. Kazi ikimalizika, sehemu iliyovuliwa ipakwe rangi ya zinki, la sivyo mteja atarudi na kutu kabla ya mwaka kuisha, na fundi ataambiwa aache “mambo ya afya” yanayoharibu kazi. Njia hii nimeona ikiachwa mara nyingi kwa sababu ya rangi tu.

Uchomeleaji ufanyike nje au chini ya paa lisilo na kuta. Fundi asimame upepo ukipita ubavuni mwake. Upepo ukimtoka mgongoni, hewa inajikunja mbele ya kifua na kumrudishia moshi usoni; ukimtoka mbele, anaupokea wote. Feni nayo iwekwe ubavuni. Kwa vijiti vya kawaida feni haiharibu mshono, ila kwa mashine ya gesi iwekwe mbali kidogo, maana inaipeperusha gesi inayolinda mshono na kazi inajaa matundu. Kichwa kisiinamie juu ya moshi. Hilo halina gharama, na ndilo gumu kuliko yote kulizoesha, kwa sababu fundi anataka kuona mshono kwa karibu. Mara nyingi tatizo ni kioo cha barakoa: kimechakaa kwa cheche, haoni vizuri, anainama. Badilisha kile kioo cheupe cha nje, na shingo yake itanyooka yenyewe.

Kashene ya hospitali, ile nyepesi ya bluu, haizuii moshi wa kuchomelea. Kitambaa kilicholoweshwa maji nacho hakizuii. Tafuta iliyoandikwa FFP2, au bora zaidi FFP3; hizo ni alama za kashene zinazochuja vumbi na moshi, na ya 3 inachuja zaidi. Ivaliwe na mipira yote miwili, mmoja juu ya masikio na mmoja shingoni, kisha chuma cha puani kibanwe. Fundi aifunike kwa viganja na kupuliza kwa nguvu: akisikia hewa kwenye macho au mashavu, haijakaa. Ndevu ndefu zinaiharibu kabisa. Kupumua kukiwa kuzito, itupwe. Tangu 2017 moshi wa kuchomelea, wa chuma chochote, umewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hata ateliye isiyogusa galivanize haijasalimika.

Ili ujue kwako tatizo ni nini, nunua daftari. Safu tano: tarehe, jina, siku ya wiki, anachougua kwa maneno yake mwenyewe, na kazi aliyoifanya siku iliyotangulia. Siri za ugonjwa za mtu zisiandikwe humo, na daftari lisikae mezani wazi. Baada ya wiki sita hivi, soma safu ya mwisho peke yake kutoka juu hadi chini. Homa zikifuata galivanize, umeona. Maumivu ya kichwa ya mchana yakifuata siku za umeme kukatika, angalia jenereta: iwe mita 6 au zaidi kutoka mlango na madirisha, na bomba lake la moshi lielekee mbali na watu. Tumbo likiwaharibu kadhaa kwa pamoja, angalia maji.

Maji yenyewe, joto la mwezi wa kumi linapofika, yanahitaji hesabu. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto anywe kama mililita 250 kila dakika 20. Hiyo ni lita 6 kwa saa 8. Kwa mafundi tisa ni lita 54, yaani karibu bidoni tatu za lita 20 kila siku. Ateliye nyingi zina bidoni moja na kikombe kimoja cha wote. Maji yachemshwe mpaka yatokote kabisa kwa dakika 1, yawekwe kwenye bidoni yenye bomba, na kila mtu awe na chupa yake. Anayetoka jasho kupita kiasi, akalegea na kukakamaa misuli, apumzishwe kivulini, apewe lita 1 ya maji yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, mwagieni maji mwili mzima huku mkimpeleka hospitali. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

Na kwa kuwa nimetaja mashine ya diski, neno moja juu ya diski za kukatia: ile kubwa ya milimita 230 imetengenezwa kwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Mashine ndogo inazunguka hadi 11,000. Anayeondoa kinga ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo ameandaa bomu. Tarehe ya mwisho ya diski imechapwa kwenye pete ya chuma ya katikati, isomwe.

Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na familia yake, na inaweka saa 45 kwa wiki. Kwa hiyo pesa ya dispansere utaitoa tu, Mama. Swali ni kwa ugonjwa upi. Mshahara nao utoke kwa tarehe. Fundi asiyelipwa anakuja bila kula, na mikono inayotetemeka asubuhi haifai kwenye diski. Chai na mkate kabla ya kuanza kazi ni gharama ndogo, na bukari (ugali) ya mchana ikiwezekana.

Jambo la mwisho umelitaja kwa mstari mmoja tu, nami sitaki lipite: sentineli wako anayeamka na kichwa kinachouma mwezi wa sita na wa saba. Analala kwenye kibanda na mbabula (jiko) ya makala, yaani mkaa, ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Makala yakiwaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Leo ni kichwa na kichefuchefu, usiku mwingine haamki. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Mbabula itoke kabisa nje, leo jioni, na yeye apewe koti zito, blanketi mbili na termosi ya chai.