Kona ya Nyumba na Viwanja: Bagamoyo unanunua nyumba au unanunua bandari?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka njia ya Bagamoyo, nadhani watu wamechoka na foleni za Dar sasa wanautaka upepo wa bahari. Nimechukua tatu.

SWALI: Shikamoo mzee wa Kona. Mi na mume wangu tunakaa Tabata, mume kahamishiwa kazi Bagamoyo kwa hiyo tunatafuta nyumba hukohuko mjini. Dalali katupeleka maeneo ya Ukuni, nyumba vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, choo cha pabliki, fensi upande mmoja tu, anasema milioni 120 maongezi yapo. Tukimwambia kubwa hiyo anajibu bandari ikianza mtaiuza milioni 300 mje mnishukuru. Wapangaji waliomo wanalipa laki mbili na nusu kwa mwezi. Karatasi zilizopo ni za serikali ya mtaa, hati muuzaji anasema ipo kwenye mchakato. Hiyo bei ni ya kweli au tunapigwa?
*Mama wa watoto wawili, Tabata*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo bandari, ile kubwa iliyopangwa kujengwa hapo Bagamoyo, maana ndo inayokupandishia bei. Mkataba wa awali wa kuijenga na Wachina ulisainiwa 2013, Oman nao wakaingia mwaka uliofuata, Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi, watu wakaanza kununua maeneo kuanzia Zinga mpaka Mbegani kama wanagawiwa bure. 2019 Rais Magufuli akasema masharti yale hakubaliani nayo, mradi ukasimama, 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa. Sasa hesabu mwenyewe, toka 2013 kuna watu wameshikilia viwanja wanasubiri meli, na bei waliyoiweka kichwani wakati ule hawajaishusha hata siku moja, ndo maana ukipita barabarani unaona mabango ya INAUZWA yamepauka mpaka namba ya simu haisomeki. Hicho anachokuuzia dalali ni matumaini yake yeye. Bandari ikija heri, lakini usiilipie leo wakati haijaja.

Na kuna kitu madalali hawakisemi, mradi mkubwa ukija si lazima ukutajirishe, unaweza ukakuondoa. Wenyeji wa Pande na Mlingotini waulize habari za fidia watakusimulia vizuri. Serikali ikichukua eneo thamani inapangwa na mthamini kwa taratibu za Sheria ya Uthamini ya 2016, hakuna mahali wanapoangalia dalali alikwambia shilingi ngapi.

Haya tuje kwenye nyumba yenyewe. Laki mbili na nusu mara miezi 12 ni milioni 3 kwa mwaka. Milioni 120 gawanya kwa 3 unapata miaka 40 ya kodi ndo hela yako irudi, hapo hujapaka rangi, hujabadilisha bati, na mpangaji hajakimbia na kodi ya miezi minne. Mimi kwa mji kama Bagamoyo nikiona imepita miaka 20 naanza kuuliza maswali, ikifika 40 natafuta viatu vyangu niondoke. Najua mnanunua ya kukaa wenyewe sio ya kupangisha, lakini kodi ndo inakwambia watu wa pale wako tayari kulipa nini kwa nyumba ile, haijali bandari wala maneno.

Njia nyingine, tenganisha kiwanja na jengo. Ulizia kiwanja kama hicho mtaa huohuo KIMEUZWA bei gani, sio kinauzwa bei gani, kuna tofauti kubwa hapo, na wa kumuuliza ni mjumbe au jirani aliyenunua karibuni, sio dalali mwingine maana wanapigiana simu. Halafu tafuta fundi wako wa kukupigia hesabu jengo kama lile leo linajengwa kwa shilingi ngapi, utoe uchakavu.

Huo uchakavu wa pwani usiuchukulie poa. Nendeni mchana, inama kule chini ya ukuta upande unaopigwa na upepo wa bahari, kwaruza plasta kwa funguo. Ikimomonyoka kama unga na inatoa weupe hiyo ni chumvi, mara nyingi walipiga plasta kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima chenye chumvi, na utapaka rangi kila mwaka mpaka uchoke. Angalia na linta juu ya madirisha, ukiona mpasuko umelala mlalo na una rangi ya kutu basi nondo ndani imevimba, hiyo sio kazi ya kuziba na simenti ni kazi ya kubomoa. Grili za madirisha zishike kwa mkono. Bomba fungua uone maji ya DAWASA yanatoka au ni pambo, kama wanatumia kisima onja hayo maji.

Sasa hati ndo inayonitia wasiwasi kuliko vyote. Hati ikiwa kwenye mchakato kweli basi kiwanja kimepimwa, kina namba ya kiwanja na kitalu, bikoni, yale mawe ya mipaka, zipo chini unaziona. Mwambie muuzaji akupe hizo namba, nendeni idara ya ardhi halmashauri mkaangalie mchoro wa mipango miji, maana nyumba za watu ziko juu ya barabara ya kwenye ramani na wenyewe hawajui. Akianza kuzunguka kutoa namba jibu umeshalipata. Karatasi za serikali ya mtaa sio kwamba hazina maana, ila benki nyingi hawakukopeshei juu ya hizo na siku ukiuza na wewe utapigwa bei hivyohivyo, kwa hiyo hiyo nyumba haiwezi kuwa na bei ya nyumba yenye hati. Pia muulizeni muuzaji mke wake yuko wapi. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenza akubali, nimeona mauzo yakivunjwa mahakamani kwa hilo.

Mkiipenda sana anzieni milioni 50 na msione aibu, yeye hakuona aibu kusema 120.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Muscat, bado ni raia wa Tanzania. Marehemu babu ameacha nyumba ya mawe Mji Mkongwe Bagamoyo, warithi tuko kumi na moja, wengine Dar, wengine Tanga, wengine huku. Kuna mtu anataka kuinunua afanye hoteli, binamu aliyeko hapo kashakubaliana naye bei. Mi naona ni ndogo. Nifanyeje?
*Mjukuu, Muscat*

JIBU: Waalaykum salaam. Kabla ya bei, binamu anauza kama nani? Kama mahakama haijateua msimamizi wa mirathi basi hana cha kuuza, na huyo mwenye hoteli akishauriwa na wakili mzuri atakimbia mwenyewe. Kaeni kikao hata cha whatsapp mkubaliane nani awe msimamizi, muhtasari wa kikao uandikwe usainiwe, mfungue mirathi mahakama ya mwanzo.

Bei kuwa ndogo inawezekana lakini sikiliza, nyumba yenye warithi kumi na moja na haina msimamizi siku zote inauzwa rahisi kwa sababu mnunuzi anajilipia kichwa cha kuumwa mapema. Halafu nyumba za mawe pale ziko chini ya watu wa mambo ya kale, huwezi kuvunja ukuta ukapandisha ghorofa la vioo, ukarabati una masharti na mafundi wa chokaa hawapatikani kila kona, hayo yote mnunuzi anayatoa kwenye bei. Milango ya nakshi hakikisheni bado ipo, na isiondoke peke yake usiku. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa aandike ripoti, mtalipa kitu lakini hapo hata binamu atanyamaza.

SWALI: Mambo vipi mkuu, dalali ananidai elfu 20 kila akinionyesha kiwanja cha bichi, tumeshaenda vitatu vyote vimeungana na maji kabisa, anasema ndo vya thamani. Sahihi?
*Msomaji, Bunju*

JIBU: Poa. Hela ya kutembezwa ni makubaliano yenu tu, mwambie utailipa ukinunua uone kama atakuja kesho. Kuhusu maji, Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sasa kama kiwanja kina urefu wa mita 70 kuanzia kwenye maji, wewe unalipia 70 unajenga kwenye 10. Nenda na futi kamba, na nenda siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa, wao wanapenda kuwapeleka watu maji yakiwa yametoka.