Filta ya oili iliyogoma kufunguka

Pole ndugu. Umesema filta imegoma kabisa, mikono inateleza, na sasa unafikiria kuitoboa kwa bisibisi. Usianzie huko. Bati lake ni jembamba. Likichanika, kitako kitabaki kimeng'ang'ania injini, na hapo ndipo kazi inakuwa ngumu kweli.

Kama hujamwaga oili bado, washa injini dakika mbili tatu ipate joto kidogo, kisha izime. Futa filta ikauke, izungushie msasa upande wa makali ukiwa ndani, ukamate tena. Ikikataa, tumia spana ya mkanda, uifunge karibu na kitako, maana huko bati halibonyei upesi. Zungusha kinyume cha saa ukiitazama filta kwa upande wake wa nje. Ukiwa umelala chini ya gari ni rahisi sana kuchanganya, ukaikaza zaidi bila kujua.

Ikitoka, tafadhali kagua raba ya zamani, kwani wakati mwingine hubaki imenata kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, oili itamwagika. Paka raba mpya oili, kaza kwa mkono tu: ikigusa, ongeza kama robo tatu ya mzunguko, au fuata maandishi ya kwenye filta.